Kiatu kimoja cha mpwa wangu

Jumapili moja alfajiri mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alirejea nyumbani kwangu Kasarani akiwa na kiatu kimoja mguuni. Nilipomuuliza amefikaje kutoka Westlands, alinyamaza kisha akasema, "Mjomba, sikumbuki." Mwenzake aliyekuwa akinywa soda usiku ule alinieleza kwamba hakulala wala kuzirai: alicheza muziki, akagombana na mlinzi, akapanda matatu, akalipa nauli na kupiga gumzo na kondakta njia nzima.

Nilidhani ananificha jambo, nikambana kwa maswali. Nilikosea. Pombe inapopanda kwa kasi katika damu, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo huyageuza matukio kuwa kumbukumbu, hushindwa kufanya kazi yake, huku zile zinazoendesha miguu na ulimi zikiendelea. Saa zile hazikuandikwa popote kichwani mwake, na maswali yangu hayangeweza kuzirejesha.

Kasi ndiyo kiini cha jambo hili. Watafiti wa Marekani huita unywaji wa kupindukia vinywaji vitano au zaidi kwa mwanamume, au vinne kwa mwanamke, ndani ya saa mbili hivi, kila kinywaji kikiwa na takriban gramu 14 za alkoholi. Vijana wetu hawahesabu hivyo. Wao huhesabu chupa za pombe kali: robo, nusu na mzinga. Robo ya mililita 250 yenye asilimia 40 ya alkoholi ina takriban gramu 79, yaani zaidi ya vinywaji vitano vya Wamarekani hao. Kwa kuwa ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, huenda mpwa wangu alikuwa bado amelewa alipokuwa akinywa chai yangu.

Isitoshe, sehemu ya mbele ya ubongo, inayomzuia mtu kugombana na mlinzi, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Majaribio yameonyesha kwamba panya wanaobalehe hawasinzii upesi kwa pombe kama waliokomaa. Mimi husinzia kwenye glasi ya tatu, na vijana hunicheka, lakini usingizi huo ndio breki yangu.

Kiatu hakikumsumbua. Alichouliza, tena na tena, ni maneno gani alimwambia yule mlinzi. Jumamosi iliyofuata alirudi Westlands mchana kumtafuta. Akaambiwa hayuko zamu.