Amezururaje Akiwa Amelala?

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kutafsiri nilipewa makala kuhusu sheria za kale za Uingereza. Neno vagrancy lilijaa kila ukurasa. Sikulihangaikia. Kamusi ilisema uzururaji, nikaandika uzururaji, nikasonga mbele.

Siku ya tatu mhariri, mzee asiyependa maneno mengi, akaniita. Alikuwa amepigia mstari sentensi moja tu, akanisomea: "Kwa sheria ya mwaka 1824, mtu aliyelala kwenye jengo tupu, ndani ya hema au kwenye mkokoteni aliweza kufungwa hadi miezi mitatu kwa kuzurura."

Akavua miwani. "Mwanangu, amezururaje akiwa amelala?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikajitetea kwamba asili ya neno ni Kilatini, vagari, yaani kutangatanga, kwa hiyo sikukosea sana. "Asili tumeisikia," akasema. "Nakuuliza huyu mtu kafanya nini."

Hapo ndipo nilipoisoma ile makala, maana kutafsiri nilikuwa nimetafsiri bila kusoma. Mtoto aliyetumwa akachelewa kurudi huulizwa alikuwa akizurura wapi. Anagombezwa kwa sababu ana kwao. Yule wa 1824 hakuwa na kwao. Wengine walikuwa askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon wakakosa kazi. Sheria haikujali sana wametenda nini. Iliwauliza wanalala wapi na wanaishi kwa kipato gani, na aliyeshindwa kujieleza alikuwa mkosaji. (Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipotoa maoni kwamba sheria za namna hii humwadhibu mtu kwa hali yake, nilimkumbuka sana mzee yule.)

Nikajaribu "ukosefu wa makazi". Lawama yote ikapotea, na neno vagrancy lilikuwa la kulaumu. "Ufukara"? Fukara anaweza kuwa na nyumba. Jioni nikarudi kwenye uzururaji, kwa kuwa ndilo jina la kosa linalojulikana mahakamani, ila yule aliyelala nikamwacha alale: "aliweza kufungwa, kwa kosa lililoitwa uzururaji, kwa sababu tu alilala mahali pasipo pake."

Mzee akaisoma mara mbili.

"Sasa nimelielewa kosa lake," akasema, akafunua ukurasa uliofuata.