Tomahoki ya bei nafuu: anza na mpini

Mimi ni seremala, kwa hiyo shoka lolote naanza kulikagua kwenye mpini. Watu wengi wanaotafuta tomahoki ya kijeshi hufanya kinyume: wanapenda kwanza rangi nyeusi, mwiba mrefu na matundu yaliyotobolewa kichwani, halafu mpini wanaukumbuka siku umevunjika. Kama pesa yako ni ya kuhesabu, mapambo hayo ndiyo yanayoila.

Kwa asiyeijua, tomahoki ninayosema siyo kombora la Marekani, ingawa ukiitafuta mtandaoni kombora ndilo litakalokutangulia. Ni shoka jepesi la mkono, chimbuko lake ni kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Hili umbo la kisasa, makali mbele na mwiba kisogoni, linafuata kwa kiasi kikubwa kazi ya Peter LaGana, Mmarekani aliyewauzia wanajeshi waliokuwa wakipelekwa Vietnam tomahoki zipatazo 4,000 kati ya 1966 na 1970. Zile zilikuwa na kichwa cha chuma na mpini wa mti, basi. Wala hazikuonekana pungufu.

Kwa bajeti ndogo utakutana na njia tatu za kuunganisha kichwa na mpini. Ya kwanza ni kipande kimoja cha chuma toka juu hadi chini, kama zile za kampuni ya Estwing. Hiyo haing'oki, ila mtikiso wote unaishia kiganjani na kiwikoni, na ukiipinda huna cha kubadilisha. Ya pili ni kichwa kilichofungwa kwa bolti kwenye mpini wa nailoni, kama kampuni ya SOG wanavyofanya kwenye toleo lao linalofuata umbo la Vietnam. Ni nyepesi, inabebeka, ila bolti ni kitu cha kukazwa kila mara, na sijawahi kuwa na imani na kifaa cha kupigia kinachotegemea skrubu.

Ya tatu ndiyo yangu: kichwa chenye tundu, na mpini wa mti unaoingia kwa juu kama wa sururu. Sehemu ya juu ya mpini ni nene kuliko tundu, kwa hiyo kila unapozungusha, kichwa kinajikaza chenyewe. Hakuna kabari, hakuna gundi. Mpini ukivunjika unaugonga utoke, unachomeka mwingine, kazi inaendelea. Trail Hawk ya Cold Steel na Woods Chogan ya CRKT ziko kundi hili, na hiyo ya pili ilichorwa na Ryan Johnson, yule yule wa kampuni ya RMJ, ambao shoka zao ni za bei ya kukufanya ukae chini kwanza.

Zote mbili kichwa ni chuma cha 1055. Tarakimu mbili za mwisho zinakueleza kaboni: takriban asilimia 0.55. Kisu cha 1095 kina karibu 0.95 na kinashika ukali muda mrefu zaidi, lakini kifaa cha kugonga kinahitaji uvumilivu kuliko ugumu. Afadhali makali yajikunje kidogo uyanyooshe kwa tupa, kuliko yamegeke kipande. Chuma cha pua, kama 420, hakisumbuliwi sana na kutu, na kwa anayekaa karibu na bahari hiyo ni hoja. Mimi nachagua 1055 na kitambaa chenye mafuta. Muuzaji asiyetaja chuma kabisa, akaandika tu "chuma imara", mpite.

Mpini sasa. Tazama kitako chake: mistari ya pete za mti iende mbele na nyuma, sambamba na makali. Ikikatiza kutoka ubavu hadi ubavu, mpini huo utapasuka mapema. Halafu fumba jicho moja uutazame kwa urefu, ujue kama umepinda.

Ukiipata, usitarajie ikae sawasawa siku ya kwanza. Kwenye bei hizi kichwa mara nyingi hugusa mti sehemu mbili tatu tu. Toa ile skrubu ndogo ya pembeni kama ipo. Inachimba mti na haisaidii kitu. Paka penseli nyingi ndani ya tundu, chomeka mpini, gonga kitako chini, kisha utoe. Palipopata weusi ndipo panapobana. Papitishe msasa kidogo, rudia. Utajua umefika weusi ukienea pande zote. Usiwe na haraka, mti ukishauondoa haurudi.

Makali nayo yajaribu kwa tupa. Ikiuma kwa shida na kuondoa kidogo tu, chuma kimetiwa ugumu vizuri. Ikila kama inavyokula msumari, umeuziwa bati.

Kuhusu mwiba: unapoinua shoka, ncha yake inaelekea kwenye paji lako la uso. Kwa kazi za kawaida, kama kuchana kuni ndogo, kufyeka njia na kugongea vigingi vya hema, kisogo bapa cha nyundo kinakufaa zaidi. Ukiutaka mwiba hata hivyo, hakikisha ala, yaani mfuko wake, inafunika makali na mwiba pia. Pia uliza sheria za unakoishi kabla ya kulipa, maana kumiliki na kutembea nayo mkandani ni mambo mawili tofauti.

Pesa ikibaki, nunua mpini wa akiba na tupa nzuri. Ala ya ngozi inaweza kusubiri.