Kashata za mama mdogo na mzani wa jikoni

Julai ya 2019 nilikuwa Uyole, Mbeya, kwa mama mdogo, na kama unaijua Uyole mwezi wa saba sina haja ya kukuelezea ile baridi, mtu anaongea anatoa moshi na saa nne asubuhi bado hakuna anayevua sweta. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara Jumapili, kwaiyo nyumba nzima imejaa watu, mabinti wanachambua mchele uani, baba mdogo anahangaika na turubai, afu mi nimetua na begi langu, ndani yake kuna nguo za kanisani na mzani mdogo wa jikoni wa betri nimeuviringisha kwenye taulo.

Huo mzani una sababu zake. Mwanzo wa mwaka nilipimwa sukari nikaambiwa imeanza kupandapanda, daktari akasema punguza mwili, ndo nikaanza kuhesabu kalori. Wali na maharage nilishazoea haraka sana, shida ikawa kwenye vitamu, kwa sababu kwenye vitamu ndo watu wanadanganyana. Programu ya kwenye simu ukiandika kashata inakuletea "kipande 1", sa kipande cha nani? Cha mtoto wa shule au cha fundi ujenzi? Mi kashata sikutaka kuacha, nalisema wazi kabisa, nilichotaka ni kujua nakula kiasi gani basi.

Jumamosi mchana mama mdogo akawasha jiko la mkaa apike kashata za karanga za wageni. Karanga zilishakaangwa, zimesuguliwa kwenye ungo mpaka maganda yakatoka, yamepepetwa. Nikamwambia, mama, kabla hujamimina chochote naomba nipime. Akaniangalia kwanza.

"Unapima ili iweje?"

"Nijue kalori."

"We mtoto, chakula kikipimwapimwa kinaondoka baraka. Wageni watasema wa kwa Mama fulani wanahesabu punje."

Ila hakukataa, akasogea tu pembeni na mwiko wake anione mwisho wangu. Nikaanza kwa kuujaribu mzani wenyewe, maana hizi za bei rahisi huwezi kuziamini hivihivi, nikaweka juu yake pakti ya chumvi ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa, ikasoma 503, na mfuko wa nailoni nao una uzito wake, nikaona sawa. Meza ya kule jikoni ilikuwa inacheza mguu mmoja, ukiegemea tu namba zinaruka, ikabidi nihamie sakafuni kwenye saruji. Naweka bakuli tupu, nabonyeza inarudi sifuri, namimina karanga: gramu 500. Sifuri tena, sukari: 400. Hapo hesabu ni rahisi, karanga zilizokaangwa gramu 100 zina karibu kalori 585, kwaiyo hizo ni kama 2,900, sukari gramu moja ni karibu kalori nne, nikaweka 1,550. Jumla 4,450. Iliki sikuihesabu, mtu asiniletee mambo ya iliki.

Yeye akaendelea na kazi yake, sukari na maji kidogo kwenye sufuria, anakoroga polepole mpaka inaanza kuwa ya kahawia na ukiinua mwiko inavuta uzi, hapo karanga zinaingia kwa mpigo na mkono hausimami, ukichelewa nusu dakika tu inagandia kwenye sufuria. Akamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, akalisawazisha kwa chupa.

Na hapa ndo penye ujanja ambao wengi wanauruka. Uzito wa mwanzo haukusaidii kugawa, kwa sababu maji yameshaondoka na moshi, na kuna kilichobaki sufuriani (watoto walishaligombania hilo sufuria, sitaki hata kukumbuka zile kelele). Unachotakiwa kupima ni mzigo ulioiva. Sinia lenyewe nilishalipima tupu, gramu 310, ila nikiliweka juu ya mzani linafunika kioo chote, namba sizioni, nikainama mpaka shavu linagusa saruji ya baridi wapi. Mwisho nikageuza bakuli kifudifudi juu ya mzani, nikarudisha sifuri, sinia likakaa juu ya bakuli, kioo kikaonekana vizuri: 1,205. Toa 310, inabaki 895. Kalori 4,450 gawa kwa gramu 895, inakuja karibu tano. Yani kila gramu ya kashata ya mama mdogo ni kalori tano, basi, hutakiwi kukumbuka kingine.

Akakata bado ina moto, zile pembe nne za kuchongoka, kwa jicho na kisu, mkono mwepesi kweli. Ukiangalia kwa macho zinafanana zote. Nikachukua kimoja cha kona nikaweka: gramu 31. Nikachukua cha katikati: 13. Hapo mama mdogo akaacha kisu.

"Rudisha hicho. Weka tena."

13.

"Mwe! Na hiki kinaitwa kashata moja?"

Ndo hivo. Kimoja kalori 155, kingine 65, na kwenye simu vyote vinaandikwa kipande 1. Akaanza kuweka mwenyewe kimoja kimoja, 22, 17, 28, 19, huku anaongea peke yake, mpaka mabinti wa mchele wakaja kuangalia kuna nini.

Baba mdogo akaingia kutafuta kamba, akakuta mkutano. Yeye ni mtu wa viazi, mvutano wake mkubwa maishani ni lumbesa, lile gunia wanunuzi wanalolishonea kilemba juu mpaka linapita kilo 100 halafu bei wanalipa ya gunia la kawaida, na hata Wakala wa Vipimo wakipiga marufuku vipi bado anawakuta barabarani. Kuona mzani macho yakamng'aa. Akasema hebu pimeni na kijiko chake cha sukari, maana huyu mama kila siku anasema anakunywa chai ya vijiko vitatu tu. Mama mdogo akachota kama anavyochotaga, kilima juu: gramu 9. Mi nikachota kingine nikakipangusa juu kwa kisu kikawa sawasawa: 4.

"Lumbesa!" baba mdogo akapiga kelele mpaka majirani wakasikia. "Miaka yote nalia na madalali, kumbe lumbesa naishi nayo ndani!"

Tulicheka sana ile siku. Ila hebu fikiria, vijiko vitatu vya namna ile kwenye kikombe ni gramu 27, zaidi ya kalori mia, hapo hujagusa kitafunwa chochote. Yani chai ya mama mdogo ilikuwa inaizidi kashata ya kawaida na yeye anaiita kinywaji tu. Na asali ndo usiseme, inanata, inajaa juu ya kijiko, kijiko cha chakula kinabeba gramu ishirini na kitu bila hata kilima. Ndo maana mi vijiko siviamini kwa kitu kitamu, navitumia kukorogea.

Jioni akataka tupime na visheti. Nikamwambia hivyo ni kazi nyingine, vinakunywa mafuta, inabidi upime mafuta kabla hujakaanga na upime tena yakishapoa, yaliyopungua ndo yako kwenye visheti, na mafuta gramu moja ni kalori tisa, zaidi ya mara mbili ya sukari. Akasema basi, hivyo tule hivihivi, mengine tumuachie Mungu.

Jumapili ibada ilikuwa nzuri, mvulana kapendeza na suti ya kukodi. Kwenye meza nikachukua vipande vyangu viwili nilivyovitenga toka jana kwenye karatasi, jumla gramu 40, kalori 200, nikavila taratibu na chai ya rangi isiyo na sukari. Shangazi mmoja akaniuliza kama naumwa au ndo ulokole mpya, nikamwambia niko sawa shangazi, akaniongezea kipande cha tatu kwenye sahani kwa nguvu. Hicho nilimpa mtoto aliyekuwa ananitolea macho.

Jumatatu napanga begi niwahi gari la Iringa, mzani siuoni. Nimeutafuta jikoni, chini ya kitanda, kwenye kapu la vitunguu. Mama mdogo kakaa uani kwenye kigoda ananiangalia tu, mwisho akasema, "Huo mzani uache. Kule mjini vipo vingi." Kumbe kashapiga hesabu zake usiku, anataka auze kashata pale stendi, kila moja gramu 20, asipunjike na asipunje.

Nikauacha. Na biashara kaifanya kweli, ila wateja wake wa kwanza, watoto wa shule, walilalamika wiki nzima. Zamani kwa wauza kashata walizoea kusimama pale dakika kumi wanachambua kipande kikubwa kiko wapi, sa hivi vyote viko sawa, raha imeisha. Mmoja akamuuliza kabisa, "Bibi, kubwa umezificha?"

Mwezi wa tisa akanipigia, hata salamu hajamaliza: "Mwanangu, ule mzani wako umezima, hizo betri zake za duara zinauzwa wapi?" Nikamwambia Mwanjelwa, kwenye maduka ya saa, nikamtumia na hela.