Sahihi ya Bibi

"Babu, hapa palikuwa na msiba?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo Desemba iliyopita, siku chache kabla ya sikukuu ya Uhuru. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza kila mmoja apeleke shuleni picha ya zamani ya kwao, nami nikamtolea ile bahasha ya kaki. Aliipita haraka picha ya baba yangu akiwa studio Mwanza, mkono juu ya redio ambayo haikuwa yake. Akaipita ya mama na viatu vyake vya soli nene. Ya baba mdogo akiwa na magwanda ya jeshi aliitazama kidogo, kwa sababu ya bunduki. Ndipo akafika kwenye ile ndogo yenye kingo za meno-meno: wanawake wamekaa chini kwenye majani, khanga kichwani, miguu wameinyoosha, na hakuna hata mmoja anayecheka.

Si msiba. Ni kisomo, darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Kisiwani Ukerewe, 1975, chini ya mwembe wa shule yetu.

Ubao umeegemezwa kwenye shina, na ukiisogeza picha dirishani unasoma maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: TUNACHAMBUA PAMBA. Bibi, mama yake baba yangu, ni wa tatu kutoka kulia. Daftari lipo mapajani, limekunjwa katikati, na penseli ameishika kwa ngumi, hivyo hivyo alivyoshika mpini wa jembe maisha yake yote. Mpiga picha alitoka mjini Nansio kwa baiskeli na aliwaambia watulie. Walitulia kweli. Siku zile picha moja ilikuwa na bei yake, hukuipoteza kwa kutikisika.

Kila mwaka ifikapo tarehe 9 Desemba watu hutumiana picha zile zile. Mwalimu Nyerere amebebwa juu juu, mkononi ana bango la Uhuru 1961. Mwenge juu ya Kilimanjaro. Mwalimu anachanganya udongo wa Muungano, 1964. Nazipenda, nami huzituma. Lakini katika picha hizo watu wa kwetu ni umati tu, ni vichwa vilivyo nyuma kabisa ambavyo hata lenzi haikuvifikia. Katika hii ya mwembe hakuna kiongozi hata mmoja. Aliyekuja kupigwa picha ni Bibi na wenzake, na nchi iko pale pale walipokaa.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa mambo ya ngumbaru, basi nitayapitia upesi kwa ajili ya vijana. Mwalimu alipoeleza Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, 1964, alisema tuanze kuwasomesha watu wazima, kwa sababu watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijaleta mabadiliko. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ukerewe yetu ikawa miongoni mwa wilaya zilizochaguliwa kutangulia kufuta ujinga. Mwaka uliofuata TANU, chama kilichotawala, ikasema ifikapo mwisho wa 1975 nchi nzima iwe inajua kusoma na kuandika, na hapo tulikuwa tunaanzia mbali: sensa ya 1967 ilikuta theluthi mbili hivi ya watu wazima hawajui. Mkoani kwetu waliita kisomo chenye manufaa. Mtu alijifunza herufi kwa kitabu cha kilimo bora cha pamba, maana pamba ndiyo iliyokuwa mikononi mwake.

Alasiri sisi watoto tulipotoka darasani, wao waliingia. Nilikuwa darasa la nne, na kwa kuwa nililelewa na Bibi, nilimsubiri nje hadi amalize, nikichungulia dirishani. Mwalimu wake alikuwa binti aliyemaliza la saba hapo kijijini, mtoto ambaye Bibi mwenyewe alimpokea siku alipozaliwa. Ndani ya darasa Bibi alimwita Mwalimu na kunyoosha mkono kabla ya kusema. Wakishatoka, njiani, alimtuma kuni. Na yule binti alikwenda.

Agosti ile ya 1975 wakapewa mtihani, nchi nzima. Waliofika ngazi ya tatu na ya nne ndio waliohesabiwa kuwa wanajua. Bibi alifika ya tatu. Hiyo picha ni ya wakati huo.

Lakini nilichotaka kumsimulia mjukuu wangu hakimo katika picha. Kilitokea muda mfupi baadaye, msimu wa pamba haujafungwa, tulipokwenda kuuza.

Baba mdogo alisukuma baiskeli yenye furushi kubwa, mimi na Bibi tulibeba madogo kichwani. Tulikuwa tumeichambua usiku kucha, safi upande huu, fifi, ile duni, upande ule, hadi vidole vikawa vinawasha. Ghala la chama cha msingi cha ushirika lilikuwa la bati, na ndani joto lilikuwa la kupika mtu. Mizani ilining'inia mlangoni. Karani alikaa nyuma ya meza ndogo, mbele yake kitabu cha stakabadhi, na pembeni mfuniko wa kopo wenye sifongo iliyolowa wino wa zambarau.

Ukuta ule ulio kando ya meza bado nauona. Kila aliyekwisha kuweka dole gumba alijifuta hapo kabla ya kuondoka, kwa hiyo kutoka usawa wa kiuno hadi usawa wa kifua ukuta wote ulikuwa wa zambarau, madoa juu ya madoa, mengine yamefifia kabisa ya misimu ya nyuma, mengine mabichi yanang'aa. Baadhi yalikuwa madogo kama ya watoto. Sijui nilisimama pale kwa muda gani nikiyatazama. Najua tu kwamba nilijiuliza lipi ni la Bibi la mwaka jana.

Zamu yetu ikafika. Karani akasoma uzito, akaandika, akakigeuza kitabu, akausukuma ule mfuniko. Alifanya hivyo bila kuinua macho. Mkono wake ulishazoea.

Bibi akaweka mikono nyuma.

"Naomba kalamu, baba."

"Kalamu ya nini, mama?"

"Ya kuandika."

Karani akaangalia foleni. Ilifika nje, juani. "Mama, watu ni wengi. Weka dole twende."

"Nimesoma. Cheti ninacho nyumbani."

Mzee mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Mpe kalamu. Serikali si ndiyo iliyosema wasome?" Mwingine akadakia kwamba jua ni kali. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Karani akaitoa biki sikioni, akampa.

Bibi alikuwa hajawahi kushika biki. Alikuwa mtu wa penseli na chaki. Akaifuta kwanza kwa khanga, kisha akaufuta mkono wake, kisha akainama hadi pua ikakaribia karatasi. Chini ya karatasi palikuwa na kaboni, na chini ya kaboni karatasi nyingine, kwa hiyo kitabu kizima kilibonyea kila alipokandamiza. Herufi ya kwanza ilitoka nzito, ikatoboa. Midomo yake ilikuwa inazitaja moja moja bila sauti. Alipofika katikati ya jina akasimama. Nilikuwa najua herufi inayofuata, ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na baba mdogo akanishika bega. Nje watu waliendelea kubishana habari ya jua. Bibi akavuta pumzi, akaandika. Jina lilishuka, likaivuka mistari ya nukta, likaenda kukaa juu ya neno Karani lililochapwa chini.

Tulidhani amemaliza. Karani alishanyoosha mkono. Lakini Bibi akaweka kidole juu kabisa ya stakabadhi na kuanza kusoma.

Alisoma kwa sauti, kama walivyofundishwa, silabi kwa silabi. Tarehe. Jina la kijiji. Kilo za pamba safi. Kilo za fifi. Bei. Ubishi wa nje ukazimika, mmoja mmoja wakanyamaza, hadi ikabaki sauti ya Bibi peke yake na mizani inayolia mnyororo wake. Akafika mstari mmoja wa chini.

"Ma-ka-to." Akarudia kwa mara moja. "Makato. Ya nini?"

"Ni utaratibu, mama."

"Nimeuliza ya nini."

Karani akataja ushuru, akataja mchango fulani, maneno mengine yakaishia mdomoni.

"Nani aliyepanga?"

"Mkutano."

"Mkutano upi? Mimi yote nahudhuria."

Hakujibu. Alianza kuhesabu pesa, nasi tukawa tunamtazama anahesabu. Bibi akazihesabu tena mwenyewe, akazifunga kwenye pindo la khanga, akasema, "Haya," akatoka. Njiani alizungumzia chumvi, kwamba tupitie dukani kabla halijafungwa. Nyuma yetu wanawake wawili wa darasa lake walishaomba ile biki.

Nilipomaliza kusimulia, mjukuu wangu aliuliza swali la haki kabisa: makato yaliondolewa? Hayakuondolewa. Mwaka uliofuata, 1976, Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na pamba ikawa inanunuliwa na mamlaka ya umma moja kwa moja kutoka vijijini. Karani akawa mwingine, meza nyingine. Bibi aliuliza tena na akajibiwa neno lile lile la utaratibu.

Baba mdogo, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, anashikilia kwamba kisomo kilikuwa cha kutufanya tusome maagizo. Shangazi hataki kusikia hivyo. Anasema kabla ya kisomo mama yake hakujua hata kwamba kuna makato. Hubishana kila wanapokutana, nami naona wote wawili wanasema kweli, na hilo linanisumbua zaidi ya ubishi wao. Kumfundisha mtu kusoma kisha ukamnyima jibu ni jambo zito. Kutomfundisha kabisa ni zito zaidi, nadhani. Nasema nadhani, kwa sababu nilimwona Bibi akirudi na maswali yale nyumbani msimu baada ya msimu, akilala nayo.

Na yaliyofuata hayakumsaidia. Katika ile bahasha, ukitoka vita vya Kagera hadi karibu na 1986, picha hazipo. Filamu zilikosekana, kama sukari ilivyokosekana, na sabuni, na mafuta ya taa. Magazeti ya vijijini yaliacha kufika. Madaftari tuliyapata kwa kubahatisha. Bibi alisoma kile kitabu cha pamba hadi jalada likatoka, kisha akakisoma bila jalada, kisha macho yakagoma na miwani haikuwepo. Kufikia 1986 takwimu za Serikali zilisema wasiojua kusoma na kuandika wamebaki kama mmoja katika kila watu wazima kumi. Ni kazi kubwa, na walioifanya wanastahili heshima kuliko tunayowapa. Ila natamani mtu angehesabu pia waliojua na hawakuwa na cha kusoma.

Sahihi ndiyo iliyobaki. Mwisho wa 1978 nilichaguliwa kwenda sekondari, na fomu ikaja ikitaka sahihi ya mzazi au mlezi. Baba na mama walikuwa Mwanza, barua haifiki kwa wakati. Baba mdogo alishakwenda vitani. Mzee mmoja mwenye cheo kijijini alikuja nyumbani kwa moyo mwema kabisa, akajitolea kunisainia yeye, kwa kuwa fomu ile ilikuwa ndefu na ya Kiingereza nusu. Bibi alimkaribisha, akampa kiti, akampa maji, akamshukuru. Kisha akaniambia nimlete fomu mlangoni penye mwanga, nimwonyeshe kidole pa kuandika.

Januari 1979 niliiwasilisha ofisini kwa shule, bara, mbali na kwetu. Karani wa pale aliitazama ile sahihi kwa muda, herufi kubwa zinazoshuka na kuuvuka mstari.

"Hii kaandika nani? Wewe?"

"Bibi yangu."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akagonga muhuri, akaniambia niende stoo nikachukue godoro.