Theluthi ya mjane, na kitabu kilichochomwa

Wengi wakisoma utangulizi wa Mke wa Bath, mmoja wa wasimulizi katika Hadithi za Canterbury, hubaki na ulimi wake: viapo, matusi, kicheko, waume watano. Mimi kila nikirudi kwenye mistari ile 856 ya Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, naona ardhi. Alisoun, maana ndilo jina lake, anasema waume wake wote aliwapata mlangoni pa kanisa, na mlango huo Chaucer hakuuweka kwa kupamba. Katika Uingereza ya zama zile ndoa ilifungwa hapo nje, mbele ya watu, na hapo ndipo bwana harusi alipotaja mali atakayomtengea mke endapo yeye atatangulia kufa. Hata asipotaja chochote, sheria ya mfalme ilimpa mjane theluthi ya ardhi ya marehemu, aitumie mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa piga hesabu. Alisoun aliolewa akiwa na miaka 12, umri ambao kanisa lilimruhusu msichana kuolewa (mvulana alisubiri 14). Waume watatu wa mwanzo walikuwa wazee wenye mali, na anasema wazi kwamba walimpa ardhi na hazina zao wangali hai. Kila msiba ulimwachia zaidi. Akiwa mke, sheria ilimhesabu yuko chini ya mumewe: fedha, vyombo na mifugo aliyokuja nayo vilikuwa vya mume moja kwa moja, na ardhi yake ilisimamiwa na mume. Akiwa mjane, alishtaki, alishtakiwa, aliuza na kununua kwa jina lake mwenyewe. Nguvu ya mwanamke huyu imo katika vile vipindi vifupi kati ya ndoa moja na nyingine, na ndiyo maana hatari kubwa kwake haikuwa mume mzee mwenye wivu. Ilikuwa ndoa ya mapenzi.

Hiyo ndiyo ya Jankyn, mume wa tano, aliyekuwa mwanachuo wa Oxford: kijana wa miaka 20, naye bibi harusi ana 40. Alisoun anamkabidhi ardhi yote aliyowahi kupewa, kisha anasema alijuta sana. Wasomaji wengi wanaupita mstari huo mbio ili wafike kwenye ugomvi. Usiupite. Ugomvi wa kitabu unatoka hapo.

Kila jioni Jankyn anasoma kwa sauti kitabu chenye mkusanyiko wa maandishi dhidi ya wanawake na ndoa, na ndani yake yumo Mtakatifu Jerome na hoja zake dhidi ya Jovinian, mtawa aliyeitetea ndoa. Alisoun ananyofoa kurasa tatu na kumpiga ngumi ya shavu, mume anaangukia motoni. Anainuka, anampiga mkewe kichwani kwa nguvu hata mke anazirai, na sikio lake moja linaziba maisha yote. Chaucer ametaja uziwi huo tangu kwenye utangulizi mkuu wa Hadithi za Canterbury, kabla hatujajua sababu yake. Halafu yanakuja masharti ya amani, na hapo ndipo pa kusoma polepole: Jankyn anamrudishia usimamizi wa nyumba na ardhi, anamkabidhi ulimi wake na mkono wake, na kitabu kinachomwa papo hapo. Nyumba, ardhi, maneno, ngumi, maandishi. Mwandishi ameorodhesha kwa ukamilifu njia zote ambazo mume alitawala kwazo.

Upande wa kitanda nao ulikuwa na sheria yake. Kanisa lilifundisha kwamba unyumba ni deni, na kila mmoja anamdai mwenzake sawasawa. Paulo katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7, anasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na mume vivyo hivyo bali mkewe. Alisoun anaushika ule upande unaomfaa tu: yeye ndiye mwenye amri juu ya mwili wa mume, na mume ni mdaiwa wake na mtumwa wake. Ukiifuatilia hoja yake bila Biblia mkononi, hutaona alipoukata mstari.

Margery Kempe wa Lynn, mwanamke halisi aliyeacha kitabu cha maisha yake, alilichukua deni hilo kama jambo la biashara. Amezaa watoto 14, anataka kuishi na mumewe kama dada na kaka, na mume anakataa. Katika kitabu chake, ambacho kwa karne nyingi kilijulikana kwa dondoo chache tu hadi nakala kamili ilipoonekana mwaka 1934, wanajadiliana njiani wakitoka York, siku ya Ijumaa, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Yeye amebeba chupa ya bia, mume ana keki. Mume anaweka masharti matatu: walale kitanda kimoja kama zamani, amlipie madeni yake kabla ya safari ya Yerusalemu, na ale naye siku za Ijumaa badala ya kufunga. Wanafikia mapatano: mke atalipa madeni na kula Ijumaa, mume hatamwomba tena unyumba. Mwanamke asiye na fedha asingeweza kufunga mapatano hayo.

Kabla ya mali na kitanda ilikuwepo kauli. Sheria ya kanisa ilishikilia kwamba mwanamume na mwanamke wakiambiana kwa hiari kuwa wanaoana sasa hivi, ndoa imefungwa, hata bila padri, shahidi wala baba. Wakisema wataoana baadaye, ni uchumba, na uligeuka ndoa mara wakilala pamoja. Mtaguso wa Laterano wa 1215, mkutano mkuu wa kanisa, uliagiza ndoa zitangazwe kanisani kwanza, lakini aliyekaidi alitenda kosa tu, ndoa yake haikuvunjika. Mwaka 1469 Margery Paston wa Norfolk aliitumia nguvu hiyo. Alikuwa amepeana ahadi na Richard Calle, msimamizi wa mashamba ya familia yao, na ndugu zake waliona aibu. Askofu wa Norwich alimtaka ayarudie maneno waliyoambiana. Aliyarudia, akaongeza kwamba kama hayatoshi, atayakaza zaidi kabla hajaondoka. Mama yake alimfungia mlango, lakini ndoa ilisimama. Nathamini ushahidi huu kuliko ushairi wowote wa zama zile.

Ukishajua uzito wa kauli, hadithi ya Griselda, nayo ya Chaucer, inabadilika. Walter ni mtawala, Griselda ni binti wa fukara kupita wote kijijini, na kabla ya ndoa anaapishwa kwamba hatampinga kwa neno wala kwa kukunja uso. Anayeuita uvumilivu wake hulka ya kike anasahau kwamba mbele yake yupo mume na mtawala katika mtu mmoja. Msimulizi mwenyewe, akimfuata Petrarch, mshairi wa Italia, anaonya kwamba wake wasimwige.

Arveragus na Dorigen, katika hadithi ya Franklin, msimulizi mwingine wa Chaucer, ndio mara nyingi husifiwa kuwa ndoa ya haki: mume anaapa kutomtawala mkewe kinyume cha hiari yake, ila abaki na jina la ubwana mbele za watu kwa ajili ya cheo chake. Siku Dorigen anapobanwa na ahadi aliyoitoa kwa mwanamume mwingine, mume anamwambia aende akaitimize, analia, kisha anamkataza kumwambia yeyote maisha yake yote, na adhabu anayoitaja ni kifo. Lile jina lililobakizwa kwa ajili ya watu limetoa amri ndani ya nyumba.