Harufu ya tui San Ignacio

Leo Jumamosi, siku ya soko kubwa hapa San Ignacio, wilaya ya Cayo, nchini Belize, Amerika ya Kati. Nimeshuka basi la Belize City na njaa kali.

Migahawa ya watalii nikaipita, nikawafuata wenyeji hadi sokoni, kwenye kibanda cha mama mmoja.

Alipofunua sufuria, nikasimama.

Tui!

Wali na maharage mekundu, vimepikwa pamoja kwa nazi. Juu yake kuku wa recado, yaani viungo vyekundu vya kusaga, mchuzi mwekundu kabisa. Pembeni ndizi mbivu za kukaanga.

Bahari iko mbali na huku, lakini ile harufu ni ya jikoni kwa bibi, Tanga. Machozi yakanilenga.

Mama akaniongezea ukoko bila hata kumwomba.

Jamani, nanyi mmewahi kukutana na ladha ya nyumbani ugenini? Ilikuwa wapi?