Njia ya Ziwani

Malengelenge yameshakauka, lakini neno la Shangazi bado bichi. Nimejaribu kulisahau kazini, nimejaribu kulisahau jikoni, na jana kanisani likanijia katikati ya Baba Yetu. Afadhali niliandike.

Mnajua tulivyopanga. Watu wa jumuiya yetu hapa Walukuba, Jinja, wakienda kwa miguu kuhiji Namugongo, mahali pa Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, Shangazi ndiye huwaongoza, na njia yake ni moja: kuvuka Nile, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, barabara kuu mwanzo hadi mwisho. Safari hii mimi, Mama Mdogo na vijana wa kwaya tukamwomba ruhusa tupite kusini. Tukishavuka Nile tushike barabara ya Nyenga, tulale Nkokonjeru, tufike Kisoga na kuteremka hadi Katosi kwenye Ziwa Viktoria, ndipo tupande Mukono. Ni mbali zaidi, hilo halikufichwa. Lakini ile barabara kuu inatisha jamani. Malori ya kutoka Mombasa yanakupita karibu hadi gauni linapepea, na mle msituni ukiyakwepa unaangukia mtaroni. Shangazi aliitikia kwa kichwa tu.

Neno lake akaliweka hadi Namugongo, jioni ya tarehe 2 Juni. Wao walikuwa wametutangulia, wamekwisha kutandika mikeka. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia miguu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwepo:

"Sisi tumekuja kuwaona Mashahidi. Ninyi mmekuja kuona ziwa."

"Tumefika sote, Shangazi."

"Hata watalii hufika."

Watu wakacheka. Mama Mdogo akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi nikasema, "Ndiyo, Shangazi," nikachukua kibuyu cha plastiki nikaenda kuteka maji.

Wiki hii nimethibitishwa kazini, mdogo wangu ameposwa, mvua imeezua mabati ya jirani, na mimi bado niko pale mkekani namjibu Shangazi. Hata watalii hufika! Nikiwa ndani ya matatu namjibu. Nikimenya matooke namjibu.

Namwambia hivi: Shangazi, Mashahidi wenyewe walianzia ziwani. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa Munyonyo, ufukweni kabisa, alipowahukumu mwezi Mei mwaka 1886. Denis Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa waliuawa hukohuko tarehe 26. Karoli Lwanga na wenzake wakafungwa kamba wakatembezwa hadi Namugongo, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Maji waliyoyaacha nyuma yao ni ya ziwa hilihili. Aliyeligeuzia ziwa mgongo kwenye hija hii ni nani basi, mimi au wewe?

Halafu namwambia habari za Nkokonjeru. Tulipiga magoti kwenye kaburi la Mama Kevina, yule mtawa wa Ireland aliyefika Uganda mwaka 1903 na mwaka 1923 akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, Waafrika watupu, wakati ambapo wengi hawakuamini kuwa binti wa huku anaweza kuwa sista. Alifariki Marekani mwaka 1957, akapelekwa kwao, na Wakristo wa Uganda wakaomba warudishiwe. Wakarudishiwa. Mtalii gani anakesha na rozari mahali kama pale?

Na ya Katosi ndiyo ninayotaka aisikie kuliko zote. Tulifika jua linashuka. Nyavu zimetandazwa ufukweni, juu yake mukene, dagaa wa huku, wamemwagwa, wanang'aa mpaka macho yanauma. Mwanamke mmoja alikuwa akiwageuza kwa ufagio, pole pole, mstari kwa mstari, huku jicho moja liko mawinguni. Akatuuliza tunakwenda wapi. Tulipomwambia Namugongo, aliweka ufagio chini. Alisema kila mwaka anatamani kwenda, ila mukene wakinyeshewa kabla hawajakauka, mzigo wote unageuka chakula cha kuku na bei inakufa. Akafungua pindo la leso, akatoa noti ya shilingi 2,000, akaipasulia karatasi ya daftari la mtoto na kuikunja ndani yake. "Mniwekee kwenye kikapu. Mwanangu yuko majini." Hakusema zaidi, nasi hatukumuuliza.

Niliibeba kwenye sidiria hadi Namugongo. Wakati wa sadaka niliitumbukiza pamoja na karatasi yake, bado inanuka samaki, na nikamtaja yule kijana kwa Karoli Lwanga bila kulijua jina lake.

Nikiandika haya moyo umekuwa mwepesi ghafla, sijui kwa nini. Tulipita mahali ambapo kuna watu wasioweza kuondoka, tukawaombea. Ningepita tena kesho.

Juzi usiku Shangazi alipiga simu. Namugongo hakuitaja. Aliuliza kama Katosi bado wanaanika juu ya nyavu, kama mitumbwi bado inapakwa rangi ubavuni, kama upepo wa mchana bado unawajaza akina mama mchanga machoni. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kumbe alishawahi kufika, na katika maisha yangu yote sijamsikia akisema. Nilitaka kumuuliza lini na kwa nani, salio lake likaisha. Nilipompigia mimi, simu ilikuwa imezimwa. Jana kanisani tuliamkiana kama kawaida.

Kuna jingine. Jirani wa upande wa juu ameanza kuchimba msingi, na mtaro wake uko hatua mbili tu kutoka kwenye ukuta wa chumba wanacholala watoto. Mvua ya jana usiku ilijaza ule mtaro maji, na leo asubuhi nimeona ufa mwembamba juu ya dirisha ambao sikumbuki kuuona kabla. Baba watoto anasema ni wa zamani. Kesho kabla ya kazi napita kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na usiku huu watoto nimewahamishia sebuleni.